Jinsi Nilivyookoa Ncha za Maabara

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza maabara. Koti jeupe limenifika magotini na mikono nimeikunja mara tatu. Tuko wawili kwenye majaribio, mimi na msichana niliyempa jina la Rula, maana hata kichupa kidogo kama kidole anakipigia mstari kwa rula kabla ya kukiandika. Nafasi ya kubaki ni moja. Daktari, mkuu wa maabara, atachagua Ijumaa. Naitaka nafasi hii kuliko kitu chochote.

Kazi nimeielewa. Kimeng'enya ni kama mkasi. Kuna protini kinazikata na nyingine hakizigusi, na Daktari anataka kujua ni zipi. Kila mmoja amepewa protini kumi na mbili. Unachanganya protini na kimeng'enya, unaacha nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu, kisha unapitisha kwenye jeli yenye umeme. Protini nzima huacha mstari mmoja. Iliyokatwa huacha miwili. Na kila protini ina kichupa cha pili kisichotiwa kimeng'enya, bali maji tu. Babu Jeli, fundi wa maabara, anakiita shahidi. Anasema shahidi akitoa mistari miwili, ujue kuna mtu kaharibu.

Nilikuwa na swali kwa Daktari. Nikaenda msalani kulifanyia mazoezi. Niliporudi, kaondoka.

Jumanne, 4 Machi

Nimeona jambo la kusikitisha. Pipeti tunayonyonyea maji huvalishwa ncha ndogo ya plastiki. Ukinyonya mara moja, ncha inatupwa. Mara moja tu! Nimehesabu kwenye ndoo: mia mbili na kumi kabla ya chakula cha mchana. Nyumbani kwetu mfuko wa plastiki unafuliwa mpaka maandishi yanafutika. Mama akiiona ndoo ile ataugua.

Rula amezipanga zake sandukuni kama askari wa gwaride, na anazitupa bila huruma.

Hapo nikapata wazo. Mtu anayeona haya kusema, aseme kwa vitendo. Nitaziokoa. Daktari atauliza ni nani mwenye busara kiasi hiki, nami nitainamisha kichwa. Nimeondoka mifuko ya koti imetuna.

Jumatano, 5 Machi

Jana jioni nilizimwaga mbele ya Mama. Akaiinua moja kwenye mwanga. Akasema hii haina hata mkwaruzo, na hao ndio wasomi? Tukaziosha kwenye beseni, sabuni ya vyombo, maji vuguvugu ili zisijikunje. Tukasuuza mara tatu na kuzianika juu ya sinia. Mama alisema haba na haba hujaza kibaba. Mimi nilisema ndiyo, Mama.

Leo nimefika wa kwanza. Nimejaza sanduku langu. Zikabaki nyingi, nikajaza na la Rula, kwa ukarimu. Pia ili isije ikasemwa kwamba wazo langu lilifanya kazi mezani kwangu tu. Sikumwambia. Kumwambia kungehitaji kuongea.

Alhamisi, 6 Machi

Jeli zimetoka. Protini zangu zilizokatwa ni kumi na moja kati ya kumi na mbili. Rula kapata kumi. Nimemshinda kwa moja!

Nyumbani Mama kamwambia jirani, jirani kamwambia mshona nguo, na mshona nguo kanisimamisha njiani kunipongeza. Akaniuliza hizo protini nazikata kwa mkasi gani, maana wake umeanza kuwa butu.

Mashahidi sikuwaangalia. Mtu aliyeshinda anamtakia nini shahidi?

Ijumaa, 7 Machi

Mashahidi karibu wote wana mistari miwili. Wangu na wa Rula.

Daktari alituita mezani. Akauliza taratibu, na huko ndiko kubaya kuliko kufoka, maji matupu yamejifunza lini kukata protini. Rula akaanza kulia. Akasema yeye hubadilisha ncha kila mara, na sanduku lake ndilo hili. Babu Jeli akachukua ncha moja, akainusa.

"Hii inanukia limau," alisema. "Tangu lini?"

Sabuni ya Mama.

Daktari alikuwa anamtazama Rula, si mimi. Ningenyamaza tu, nafasi ingekuwa yangu, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Lakini Rula alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa koti, na hata machozi aliyafuta kwa mstari ulionyooka.

Nikasema. Sauti ilitoka ndogo hadi ikabidi nirudie. Nikasema ni mimi, nilizitoa ndooni, tukaziosha nyumbani, na mwenzangu nikamjazia bila yeye kujua.

"Mkazianika?" aliuliza Babu Jeli.

Nikasema juu ya sinia. Akageukia dirisha. Mabega yake yakawa yanatikisika.

Daktari alinieleza kwamba kimeng'enya hung'ang'ania ndani ya ncha, mahali ambapo beseni la mtu yeyote halifiki. Hata tone lisiloonekana linatosha kukata protini ya kichupa kinachofuata. Kwa hiyo nilichokuwa nagawa siku nzima, toka kichupa hadi kichupa, ni mkasi. Akasema tutarudia kazi yote, kwa ncha mpya, na uamuzi utasubiri.

Jumatano, 12 Machi

Tumerudia. Mashahidi wote safi, mstari mmoja mmoja. Rula ana protini nne zilizokatwa. Mimi ninayo moja. Lakini ni moja ya kweli, nimeitazama mara sita.

Nafasi kapata Rula. Nilimpongeza bila mazoezi. Akaniambia, "Shoga, siku ile ungenyamaza ningekuwa nyumbani saa hizi." Kisha akanipa rula yake ya akiba. Sijui nifanyie nini, ila nimeilalia.

Daktari kaniita baadaye. Kuna kazi nyingine ambayo haina mwombaji, chumba cha kuoshea vyombo vya kioo. Alisema kwa kuwa napenda kuosha, basi nioshe vinavyooshwa. Nilikubali kabla hajamaliza.

Ijumaa, 14 Machi

Chumba changu kina masinki mawili na dirisha. Daktari kaniapisha kwamba ncha sitazigusa tena. Sijagusa hata moja. Nimejifunza.

Ila karibu na mlango kuna ndoo nyingine. Glovu. Mtu anavaa, anashika kichupa kimoja, anavua, anatupa. Kuhusu glovu hakuna aliyeniapisha. Hadi saa nane nilikuwa nimehesabu jozi arobaini na tatu. Mama anasema kamba ya nguo itatosha, na safari hii amenunua sabuni isiyo na harufu.