Kuhusu Damu ya Mume Wangu, Ikiwa Imebaki Mara Moja Tu

Thornhill, Kanada, 14 Novemba 2005

Kwa Mkurugenzi wa Ofisi ya Uchangiaji Damu,

Pokea salamu zangu na heshima zote. Mimi ni Zebunissa, mzaliwa wa Tanga, mke wa Jalaludin mwenye duka la miwani. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa Kiingereza changu kina adabu mno; tafuta mtu wa kukusomea.

Mume wangu amechangia damu mara arobaini na tisa. Kwa ajili ya mara ya hamsini nilikwisha kualika watu themanini na kuagiza keki yenye umbo la tone. Ndipo ikaja barua yenu: kipimo chenu kipya kimeona katika damu yake homa ya ini B iliyojificha, kwa hiyo asichangie tena maishani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kipimo kingeweza kusubiri wiki tatu. Mashine haijaalika wageni.

2. Nesi wenu alieleza kwamba virusi hivyo ni vichache mno, vipimo vya zamani havikuviona, na huenda mume wangu alizaliwa navyo. Bwana Mkurugenzi, kitu kimekaa ndani ya mtu miaka hamsini na sita bila kumuudhi, kimejificha kwa heshima zake. Kukichungulia namna hiyo ndiyo ustaarabu?

3. Hilo la kuzaliwa navyo limemfikia mama mkwe wangu, Bi Rehmat, mwenye miaka themanini na moja. Ameelewa kwamba Serikali ya Kanada inamtuhumu yeye. Leo siku ya tisa hagusi chakula changu. Anakula mkate na chai chumbani. Mimi, ambaye sikupima damu ya mtu, ndiye ninayenuniwa.

4. Mume wangu mwenyewe hakulalamika. Alikaa sebuleni na barua mkononi, koti hajavua, akaniuliza, "Zebu, na wale waliokwisha kupewa damu yangu je?" Nikamvua koti. Nesi alimwambia mnawatafuta mmoja mmoja muwapime. Tangu hapo simu ikilia anasimama. Alikuwa mtu wa kujisifu mezani. Sasa anakula kimya. Kimya hicho nacho nakishtaki.

5. Jumamosi alikwenda kituoni kwenu hivyo hivyo, kuwagawia wachangiaji juisi na biskuti. Alirudi amechangamka kidogo. Yaani damu yake mmeikataa, lakini Jumamosi zangu mmezichukua.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Mpokeeni mara hiyo moja, mumpige picha, kisha damu yenyewe mpeni mtu asiyejali mambo madogo madogo. Hamkosi. Hospitalini wamejaa watu wenye shida kubwa kuliko hiyo.

Wasalimie wote ofisini, na yule nesi pia, ambaye nakiri alikuwa mvumilivu sana siku Bi Rehmat aliponipokonya simu.

Mimi, niliyekasirika kwa heshima,
Zebunissa

Nimesahau: binti yetu Shaila atajifungua kwa upasuaji Alhamisi, na daktari amesema huenda akaongezewa damu. Tafadhali kila mfuko upitishwe kwenye mashine ile mpya. Ikiwezekana mara mbili. Na akitokea mke wa mtu yeyote kulalamika, msimsikilize.