Kadi ya Mama Mkwe na Katoni ya Chini ya Kitanda

Wana-grupu, nakiri mwenyewe kabla Mama Shiro hajawafikia na hadithi yake. Kadi ya kumtakia mama mkwe maisha marefu nimeitengeneza kwa karatasi ya mazishi.

Ndiyo. Mazishi.

Naandika nikiwa ndani ya bafu la ploti, komeo nimefunga. Kuna mtu anabisha. Abishe.

Mnajua mimi si mtu wa kutoka. Wenzangu Jumamosi wakienda soko la Muthurwa kuchagua viatu, mimi nakaa ndani nakata karatasi za manila. Nikiwa Form Two, mwalimu wa sanaa alisema nina mkono (hakusema mkono wa nini). Tangu siku hiyo hakuna mtu wangu aliyezaliwa, kuolewa au kupita mtihani bila kupata kadi yangu. Maua ya vipande vya kitenge, vifungo vya mashati, nyuzi za sufu. Gundi napika mwenyewe: unga wa ngano, maji, moto mdogo, koroga. Inashika vizuri kabisa. (Jua likiwaka.)

Shida yangu siku zote ilikuwa karatasi ngumu ya kusimamisha kadi. Sasa, Wycliffe wangu ni mtu wa Vihiga, na huko magharibi hatuzikani bila programu, kijitabu cha ibada ya mazishi. Kurasa nane, picha kubwa ya marehemu mbele, jalada zito linalong'aa ambalo hata duka la vitabu halina. Mtu akienda matanga moja anarudi na tatu. Na hazitupwi! Utatupaje uso wa mtu kwenye taka, alale na maganda ya viazi? Kwa hivyo zinawekwa. Kwetu zinakaa kwenye katoni chini ya kitanda, na Wycliffe kila akirudi kutoka mazishi anaongeza juu.

Mimi nikaona baraka. Nilikuwa natoa jalada, nalikunja kinyume ili picha iingie ndani, nje nafunika na manila, ndani nabandika karatasi nyeupe ya maneno juu ya picha. Marehemu anapumzika, kadi inasimama wima. Sikuwa hata naangalia ni nani. Niliona kuangalia ni umbea.

Miaka miwili nimefanya hivyo. Hakuna aliyejua.

Sasa mama mkwe. Miaka sita nimeolewa na hajawahi kula kwangu. Anakuja, anakaa, anaomba maji, anasema ameshiba. Ameshiba! Mtu ametoka Vihiga usiku kucha, ameshiba nini, upepo? Na mnajua mama asipokula kwa mwanawe, hiyo ni hukumu imesomwa. Jina langu pia halimtoki mdomoni. Mimi ni "bibi ya Wycliffe" tu, kama kitu kilichoandikwa kwa risiti.

Leo amefika miaka sabini. Wiki jana akatuma ujumbe kwamba Jumapili, baada ya ibada ya huku mjini, atakuja na wenzake wawili wa kanisani, na atakula. Wycliffe alisoma ule ujumbe mara tatu. Halafu akanishika mabega.

"Mama Joy, nakuomba. Jumapili usibuni kitu. Pika tu."

Nikabuni.

Jana nikakata, nikashona, nikabandika. Ua moja kubwa la kitenge, ndani nikaandika: "Mama, Mungu akupe miaka mingine sabini." Lakini hii baridi yetu ya Kware mnaijua. Leo asubuhi kadi ilikuwa bado na unyevu kama soksi. Nikaipepea na sahani. Babangu akapiga simu kutoka Webuye kunitia moyo, nikamwambia ninapepea kadi, akakata simu.

Mama Shiro, jirani wa mlango wa pili, akaniletea viti na themosi yake kubwa. Huyu mama tangu Krismasi, nilipompa kadi, ana huruma na mimi ambayo sijawahi kuielewa. Tukikutana kwa ngazi ananishika mkono: "Uko sawa lakini? Jipe moyo, Mungu ndiye baba wa wote." (Nilidhani amesikia habari za mama mkwe.) Nikamwambia akae, ale na sisi.

Saa saba wakafika. Ghorofa ya nne, mama mkwe hata hakupumua kwa nguvu. Akaketi. Chai ikamiminwa. Nikapiga goti, nikampa kadi kwa mikono miwili. Akapitisha kidole juu ya lile ua.

"Umetengeneza wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono, Mama."

"Mm."

Wapendwa, ile "mm" ndiyo sifa ndefu zaidi niliyowahi kupata kutoka kwa mama huyo. Nilienda nyuma ya pazia kupakua nikiwa naelea.

Wycliffe akanifuata. Akainama chini ya kitanda, akavuta katoni, akaanza kupekua.

"Umeona programu ya Robai?" akanong'ona.

"Robai gani?"

"Robai wa kule nyumbani, yule wa ugomvi wa ua. Niliiweka juu kabisa nikitaka kuihamisha kabla Mama hajafika. Akiona hiyo sura hapa kwangu, hakuna chakula."

Hata mimi nisiyetoka nyumbani namjua Robai. Yeye na mama mkwe walipigania ua wa shamba miaka ishirini. Chifu alichoka, mchungaji alichoka, ua wenyewe ulikauka, wao bado. Robai alipokufa mwaka jana, mama mkwe alihudhuria mazishi na kukaa mstari wa mbele (kuhakikisha).

"Juu kabisa?" nikauliza.

"Juu kabisa. Ile yenye ukingo wa zambarau."

Mwiko ukaniponyoka.

"Mama Joy, mbona unashika ukuta?"

Nikachungulia kwa pazia. Kadi ilikuwa bado mikononi mwa mama mkwe, imefunguliwa, na ile karatasi nyeupe ilikuwa imeanza kukunjamana kwa pembe moja.

Nikatoka haraka, nikatabasamu kama mtu anayeumwa jino.

"Mama, nipe niiweke kwa kabati isichafuke."

"Iache."

"Ni dakika moja tu, Mama."

"Nimesema iache. Nasoma."

Mmoja wa wale wenzake, Mama Dina, mwanamke wa maombi kweli kweli, akanyoosha mkono. "Tuiombee kwanza. Hii ni kadi ya baraka."

Akaichukua. Akaishika wazi kwa mikono miwili, mbele ya kifua, juu kabisa ya kikombe chake cha chai. Kikombe kimejaa. Mvuke unapanda kama wa bomba la kiwanda. Na akafumba macho.

Mimi sikufumba. Mungu anisamehe.

Mama Dina akaanzia kwa Ibrahimu. Alipofika kwa Musa, pembe ya karatasi ilikuwa imeinuka upana wa kidole. Nikaona zambarau. Nikasogeza kikombe kidogo, naye akakifuata, sijui kwa upako gani. Akaingia kwa manabii. Kilemba kikatokea. Nikamwomba Mungu amalize watu wa Agano la Kale kwa pamoja. Halafu huyo mama akapaza sauti:

"Funua, Bwana! Funua yale uliyomwekea mtumishi wako mbele yake!"

Jicho moja la Robai likatokea.

Nikageuka kuona kama kuna mwingine anaona. Mama Shiro alikuwa ananitazama. (Huyu pia haombi akiwa amefumba.) Aliangalia kadi, akaniangalia mimi, akaangalia kadi tena, uso wake ukawa kama wa mtu anayepiga hesabu ndefu.

"Amina!"

Na kwa hiyo amina, miaka mingine sabini ikabanduka yote, ikateleza, ikaingia ndani ya chai. Kwa kadi akabaki Robai mwenyewe, mzima mzima, na kilemba chake cha Jumapili, amekunja midomo vile vile. Chini ya shingo: "Amepumzika."

Mama mkwe akatoa miwani kwa mkoba. Akaivaa taratibu.

"Bibi ya Wycliffe."

"Naam, Mama."

"Huyu si Robai?"

"Ndiye, Mama."

"Amekuja kufanya nini kwa sherehe yangu?"

Nilikuwa na majibu mengi ya busara. Nikatoa hili: "Alikuwa ndani tu, Mama. Hakufaa kutoka."

Wycliffe akajitokeza kwa pazia na programu tatu mkononi, kama mtu anayegawa. Akaona. Akazificha nyuma.

"Mama, tutakutengenezea kadi nyingine."

"Nyingine?" mama mkwe akasema. "Na kwa hiyo nyingine atatoka nani?"

Akasimama. Nikajua basi. Ameshiba. Miaka sita mingine ya maji ya kunywa. Akamnyang'anya Mama Dina kadi, akaipangusa chai kwa leso yake. Halafu akaisimamisha mezani, imeegemea themosi, uso ukiangalia kiti chake.

Akaketi tena.

"Huyu mwanamke," akasema, "aliwaambia watu soko zima kwamba nitazeeka bila mtoto wa kunichinjia hata kifaranga." Akakunja mikono ya gauni. "Mama Joy! Lete kuku. Leo atatazama."

Mama Joy! Mmesikia? Nilikaribia kumwaga ugali.

Mama mkwe alikula. Alikula paja, akala mgongo, akala shingo. Firigisi, ambayo kwao ni ya mwanamume, Wycliffe alimsogezea mwenyewe bila kuombwa. Kila kipande aliinua kwanza mbele ya kadi: "Unaona?" Kisha anatafuna. Ugali akaongeza mara mbili. Hata mchuzi akasifu, akimwambia Robai, si mimi, lakini nilikuwa karibu.

Ningeachiwa hapo ningekuwa na ushindi. Lakini Mama Dina, bado anachota karatasi kwa kikombe na kijiko, akauliza: "Na zile kadi zako zingine, mama, zinatengenezwa namna gani?"

Wycliffe akaangalia katoni. Akaniangalia.

"Ni zote?" akauliza.

Nikaanza kukumbuka. Shangazi anayekaa Huruma, alipojifungua mapacha. Mchungaji. Binamu yangu, siku ya harusi. Rafiki aliyefungua saluni (saluni, jameni, mvuke kutwa nzima!). Ninyi mnaosoma hapa wenye kadi zangu, tafadhali msizifungue karibu na sufuria.

Mama Shiro aliinuka akatoka. Mimi nikachukua ndoo kama mtu mwenye shughuli, nikaja hapa.

Na ndiye huyo anayebisha. Nimefungua mlango kidogo. Amesimama hapo, ameshika fremu ya mbao, yenye kioo na ua la plastiki pembeni. Ndani ya fremu kuna mzee mwenye kofia nisiyemjua kabisa. Wala hakunisalimia. Amesema hivi:

"Mama Joy, yangu ilibanduka ile wiki ya Krismasi. Nilijua huyu ni babako, nikamnunulia fremu, na kila asubuhi naombea roho yake kabla sijanywa chai. Sasa niambie, nimekuwa nikiombea mzee wa nani?"