Bashi la Mama Adolphine Lilipoamka

Kazi moja (Jumatatu), 13 Januari
Kolwezi nzima hakuna anayejua maji kama mi. Mvua ikitaka kunyesha, inanitazama usoni kwanza! Ndiyo maana Mama Adolphine amenipa kazi ya kulinda bwawa la nyuma ya nyumba yake, lile alilotandika ndani bashi jeusi, turubai la plastiki la kushika maji. Ndani mna tilapia arobaini, wa arusi ya binti yake Falonne, siku ya posho, Jumamosi hii. Amesema wakifa, nisikanyage tena lupango lake, ua wote huu. Nimecheka. Wafe, mi nikiwepo?

Kazi mbili, 14 Januari
Mvua! Maji ya barabara yameingia bwawani, mekundu kama supu ya nyanya. Nikachimba mfereji kuyageuza. Yamegeuka kweli, mpaka jikoni kwa jirani, Tata Omer. Alikuja na sufuria inaelea nyuma yake, akauliza kama namdhania naye tilapia.

Kazi tatu, 15 Januari
Samy, binamu ya Falonne, kasoma kilimo mwaka mmoja, basi anatusumbua. Eti maji ya chini ya udongo yamepanda. Eti nichimbe pembeni, niweke changarawe na bomba. Na bwawa nisilikaushe, uzito wa maji ndio unaolaza bashi. Uzito! Mi nimechimba madini miaka miwili, petit, mtoto we. Shimo likijaa, unaleta motopompe, mashine ya kuvuta maji, unavuta, kwisha.

Kazi ine, 16 Januari
Samaki nimewatia kwenye mapipa mawili. Nikavuta maji yote machafu. Halafu… Mungu wangu! Bashi likaanza kupumua. Likapanda polepole, katikati, bila mkono wa mtu, mgongo wa kiboko unatoka ardhini! Mama Adolphine akafanya ishara ya msalaba. Hata Samy karudi nyuma hatua mbili. Nikaligusa: baridi, linatetemeka, kama lina moyo. Kumbe chini yetu pote ni maji, na mi natembea juu yake na kandambili.
Kisha likatoboka. Jiwe, nimemwambia Mama. Matope yakaruka hadi usoni kwangu.

Kazi tano, 17 Januari
Bwawa ni uji. Mapipani samaki wamekosa hewa. Arobaini. Nimehesabu mara mbili.

Siku ya posho, 18 Januari
Arusi imekula bukari, ugali mtupu, na maharagi. Natazama kutoka nje, juu ya ukuta. Falonne kapita na shela, hakunigeukia.
Kesho namwendea Tata Omer na wazo la bwawa. Maji anayo tayari, motopompe mi ninayo.
Ila jiwe halikuwepo. Bashi nililitoboa mi mwenyewe, na msumari. Si kwa kulishusha. Nilitaka tu kusikia litasema nini.