Simu ya Mama Mkwe na Bakapu Yangu

Leo nimejichoresha. Tena ukweni.

Jumamosi hii wazee wangu wanapeleka barua ya posa Buswelu, kwa kina Neema. Mama yake ana simu ya zamani, ya aina moja na yangu, na imekuwa nzito: ukiibonyeza saa nne inakujibu saa tano. Nikajitia fundi. (Sikuombwa. Naomba hilo lieleweke.)

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hiyo laptop ya nini?"

"Nimekuja kuifufua simu yako."

Simu hizi zina rikavari, ile menyu inayofunguka kabla simu haijawaka. Ya kiwandani haina uwezo, kwa hiyo nikaitoa, nikaweka nyingine. Nikachukua bakapu, yaani nakala ya kila kitu cha mama, nikaihifadhi kwenye memori kadi yangu. Kazi safi. Kisha nikaweka mfumo mpya, mwepesi. Simu ikaganda kwenye nembo. Dakika arobaini!

"Baba, inapumua?"

"Inajipanga, mama." (Jasho lilishafika kwenye soksi.)

Nikaamua kurejesha bakapu. Kwenye kadi zilikuwa mbili: ya mama, na ya simu yangu niliyochukua mwezi uliopita. Zote majina yake ni tarakimu tupu. Nikachagua moja kwa kujiamini kabisa. Simu ikawaka! Mama akaichukua hata sijaiangalia.

Akaisogeza karibu na macho.

"Mbona humu uko kifua wazi?"

Ilikuwa picha yangu, nimesimama juu ya jiwe kule ziwani, nimetunisha misuli. Simu ya mama mkwe imegeuka simu yangu, na kila kilichomo. Nikanyoosha mkono.

"Mama, naomba mara moja..."

Hakunipa. Alishafungua majina amtafute Neema ampigie. Akafika kwenye M. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma risala:

"Mama Mkwe... Usipokee."

Akafungua namba. Akaipitia kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu.

"Hii si namba yangu?"

Mungu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke. (Jamani, ananipigia mara sita kwa siku kuniambia simu inaganda. Na kila nisipopokea, baadaye namwambia mtandao wa Kirumba, ninakoishi, unasumbua.)

"Kumbe Kirumba mtandao upo," akasema.

Nikarejesha bakapu yake. Simu imerudi kama ilivyokuwa, nzito vilevile. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Akaniangalia weeee.

"Barua ileteni. Neema anakutaka, mimi nifanyeje? Ila nitaisoma mwenyewe, neno kwa neno."

Sasa hivi Neema kanitumia ujumbe. Mama kamwomba amfundishe kubadilisha jina la mtu kwenye simu. Nimemuuliza ni jina la nani, na kaandika nini. Kanijibu kwa vicheko, mstari mzima.

Na nyie msinicheke. Wengi wenu humu mnanipigia, na hamjui nimewaandikaje.