Shangazi Hahami kwa Ajili ya Reli

Tamsen, Iowa
Novemba 1871

Mheshimiwa Lucius Ambler, Rais wa Reli na Benki,

Nakuita Mheshimiwa kwa kuwa barua hii ni rasmi. Ingekuwa ya nyumbani, ningekuita nilivyokuita ulipokuwa ukitembeza saa mbovu nyumba kwa nyumba na kurudi jioni kumaliza maharage yangu. Ukaacha saa, ukafungua benki; ukaacha maharage, ukajenga reli. Hongera. Sasa nisikilize.

Kwanza, reli yako imetukwepa, imepita kule nyikani kwa panya, eti wakubwa wa mji walikataa kukupa ardhi ya bure. Wao walikataa kwa barua. Mimi ningekataa kwa fimbo, ila hakuna aliyeniuliza.

Pili, majirani wanakufuata. Wanainua nyumba nzimanzima, wanazilaza juu ya magogo, maksai wanakokota mpaka relini. Jumanne kanisa limepita mbele ya dirisha langu. Mchungaji Peabody alikuwemo ndani, akachungulia na kunipigia kelele, "Bibi Mehitabel, Jumapili tuko kule, usije ukachelewa tena!" Kanisa linatoroka, halafu mchelewaji ni mimi!

Tatu, Hepzibah Crane, mgomvi wangu wa tangu ujana, amehama na kuku wake wote walioniharibia kabichi. Sasa nigombane na nani? Nimelia, Lucius. Nimemlilia Hepzibah! Hasara hiyo benki yako haina uwezo wa kuifidia.

Nne, kwa sababu hizo naomba, kwa heshima zote, uing'oe reli uilete mlangoni kwangu. Kama kanisa limeweza kutembea, vyuma vyako vina udhuru gani? Mimi sihami. Nyumba hii aliijenga marehemu mume wangu, na hapa alipoiweka ndipo itakapobaki.

Nisalimie mkeo, watoto, na yule mpishi wako anayedhani maharage ni chakula cha farasi.

Ni mimi shangazi yako, nisiyetikisika,
Mehitabel Stroud

Baada ya sahihi: Samahani kwa mwandiko. Maksai wamesimama ghafla, wino umenimwagikia. Kijito tumeshakivuka salama, na jiko halijazimika. Mwambie mkuu wa stesheni anipe kiwanja penye watu, popote pale, maana upweke umenishinda. Akileta maneno, nyumba naishusha katikati ya reli, na treni yako itasubiri nimalize kupika.