Ombi la Kuruhusiwa Kulala Dukani kwa Pajama

Kwa Meneja wa Duka la Magodoro,
ambaye pia ni shemeji yangu.

Ndugu Meneja,

YAH: PAJAMA

Natumaini umzima na umeamka salama. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inayoumwa. Alhamisi nimekuta karatasi kwenye kabati langu, ina saini na mhuri, inasema kuanzia Jumatatu nije na suti na tai, la sivyo nisije kabisa. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Wewe, shemeji, umeniambia, tena kwa mhuri!

Kwa miaka tisa kazi yangu ni moja: kulala dirishani. Mteja akiingia ananikuta juu ya godoro nene, pajama ya mistari, mto mmoja kichwani na mwingine katikati ya magoti, aone mwenyewe bidhaa zetu zinavyomfanya binadamu. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka jana, siku ya kupigwa picha za duka, uliniazima koti lako na tai. Koti lilinibana, nikabaki chali, mikono kifuani. Akaingia bibi mmoja, akavua viatu mlangoni, akafuta machozi, akamuuliza dada wa kaunta mazishi ni saa ngapi. Aliondoka bila kununua hata foronya.

2. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. (Sisemi dukani kuna kunguni, hiyo ni methali.) Wewe hujawahi kulala na tai. Ukigeukia ukutani, yenyewe inabaki inatazama mlango, na shingo ni yako.

3. Watoto wa wateja huja kupigana nami kwa mito. Wananirukia tumboni, nami najifanya nakoroma, kisha naamka ghafla kama simba. Wazazi wakicheka, wananunua. Sasa niambie, ni mtoto gani atampiga mto mtu mwenye tai? Atamwamkia shikamoo na kwenda zake.

4. Kwa kuwa pajama inaleta wateja nikiwa nayo peke yangu, hesabu nyepesi yaonyesha tukiivaa wote duka litajaa hadi barabarani. Naomba uanze wewe. Mkutano wa asubuhi tuufanye tumelala, kila mtu na godoro lake, mwenye hoja ainue mto. Hakuna aliyewahi kumfokea mwenzake huku amejifunika shuka hadi kidevuni.

5. Mteja atakayekuja na suti arudishwe nyumbani akabadilishe. Akikataa, mlinzi amvalishe pajama ya wageni, ambembeleze hadi asinzie, ndipo aulizwe anataka godoro la unene gani.

6. Nipewe msaidizi wa kulala ninapokwenda kula. Dirisha likibaki tupu, wapita njia wanadhani nimeamka, na mtu akiamka anaharibu sifa ya godoro.

Shemeji, utani kando. Kazi hii naipenda na sijui nyingine. Ukinifukuza, nitabisha hodi wapi na ujuzi wangu wa kulala? Nani ataniajiri?

Nisalimie dada yangu, mwambie asikununie kwa ajili yangu, angalau kabla hujajibu. Wasalimie wanao, mlinzi, dada wa kaunta, na dereva wa gari la mizigo hata kama ananiita Mzee wa Mto.

Ni mimi mtumishi wako, niwapo macho na nisipokuwa macho,

Mlalaji wa Dirishani

Tanbihi: Barua hii niliimaliza Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kabla sijaifunga, mke wangu akanisihi niijaribu japo suti yangu ya harusi, maana yeye aliolewa na mtu mwenye kazi. Nikaivaa na tai yake, nikajinyoosha kwenye kochi ili nipate hoja ya saba. Shemeji, ndiyo kwanza nimeamka. Naambiwa leo ni Jumanne. Tangu nizaliwe sijawahi kuonja usingizi mtamu kiasi hiki! Tafadhali zifute hoja zote sita. Kama kazi bado ipo, kesho nakuja na suti, ila naomba mtu wa kuniamsha wakati wa kufunga duka.