Dumu Nililompelekea Nyemo Maabara

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto. Naandika hapa intaneti kafe kwa kidole kimoja, nivumilieni.

Mnanijua. Darasa la nne, malori mawili, na tangu biashara ya mahindi iachiwe huru hakuna dalali soko la Kibaigwa asiyenisalimia kwanza. Binti yangu Nyemo yuko maabara, Dodoma mjini. Wanatafuta kwenye mkojo dalili ya saratani ya tezi dume, kabla mtu hajaumwa. Wakiipata, hata watengeneza dawa watajua pa kulenga.

Shida, wanaume hawataki kutoa. Juzi akaniomba, "Baba, nahitaji wanaume wanane wa umri wako. Mashine nimepewa siku moja tu. Nikikosa, narudishwa kuosha vichupa."

"Wanane? Nakuletea kabla chai haijapoa!"

Leo asubuhi nikawapata madalali saba (kwa ubabe na supu ya mbuzi), mimi wa nane. Nyemo alinipa vikopo vinane vyenye namba. Vikajaa. Nikavitazama. Utitiri wote huu wa nini? Sisi kupima lori la mahindi tunachoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje, gunia hili na lile, tunachanganya kwenye sinia moja, tunaangalia. Lori limejulikana! Basi nikamimina vyote kwenye dumu moja jipya. Nikatikisa vizuri. (Kwa mikono yangu mwenyewe!)

Maabara nikaingia kifua mbele. Bosi wake yupo, na wenzake wa makoti meupe. Nikatua dumu mezani, puu!

"Mzigo huo! Nimeshawachanganyia."

Nikasimama nasubiri asante.

Nyemo akaliangalia dumu. "Baba... mashine ikiona dalili humu, tumwite nani hospitali?"

Nikachungulia dumu: mkojo wa wanaume wanane, na hakuna namba hata moja.

Bosi akageukia dirishani, mabega yanacheza. Mwanangu machozi yanamtoka. Nikadhani analia, kumbe anacheka! Akanishika mkono: "Mashine ni yangu mpaka saa kumi. Vikopo vingine hivi hapa, Baba yangu."

Nikarudi Kibaigwa mbio.

"Tena?" akauliza Ndahani, mmoja wa wale madalali saba. "Kwani ule wa asubuhi umeshauuza?"

Soko zima likaangua kicheko. Lakini walitoa, wote saba.

Saa tisa na nusu nilimkabidhi Nyemo vikopo vinane, kila kimoja na namba yake. Nilivipakata njia nzima kama vifaranga.

Kesho mkinikuta sokoni, tafadhali niulizeni bei ya mahindi tu.